Ndovu anatudai utani

Machi 19 imefika tena, na kwenye magazeti imerudi picha ya Sudan, kifaru mweupe wa kaskazini, dume la mwisho, aliyekufa siku hiyo mwaka 2018 kule Ol Pejeta, Laikipia. Kinyozi wangu wa Komakoma, Mnyamwezi, aliitazama picha, kisha akanitazama mimi Mzaramo. "Babu, huyu naye kafa anasubiri mahari ipungue, kama ninyi wa Pwani?" Nikamjibu kuwa heri aliyekosa mke kuliko Mnyamwezi aliyempata akamsahau njiani akirudi Tabora. Saluni ikaangua kicheko. Kilipotulia, kijana mmoja akauliza: wamebaki wangapi?

Wawili. Najin, binti yake, na Fatu, mjukuu wake. Ndiyo maana mzaha wa Aprili 2017 ulikuwa na mwiba ndani. Ol Pejeta walimwandikisha mzee huyo wa miaka 43 kwenye Tinder, programu ya kutafutia wapenzi, wakamnadi kuwa kapera asiye na mfano duniani. Watu waliingia wakicheka, wakakutana na ombi la fedha za kutungisha mimba maabarani.

Hiyo ndiyo kazi ya mtani, mtu wa kabila linalotaniana na lako, msibani: anashuka kaburini, anawachekesha wafiwa, na hatoki mpaka alipwe. Utani una ada. Na katika utani nina mtu wa kumtaja ambaye nimemweka akiba muda mrefu.

Mwaka 1928 alifika Amani, Usambara, Mwingereza Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege. Mtu wa ndege! Na ndiye huyo aliyechapisha mwaka 1944, katika jarida la Africa, makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Ndege wa Uluguru aliyemweleza kitaalamu mwaka 1938 alimpa jina la mkewe, Winifred. Ndege mwingine mdogo wa Usambara, mwenye mdomo mrefu, ana jina la Moreau mwenyewe. Wote wawili leo wamo katika orodha ya wanaotishiwa kutoweka. Mwanachuoni wa utani ameacha jina lake kwa kiumbe anayetoweka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona hapo pa kuanzia mzaha.

Tena, utani wa Wanyamwezi na sisi ulikomaa katika misafara. Mpagazi aliyevuka Uzaramo kwenda Bagamoyo alihitaji mtu wa kumpa maji, na wa kumzika akifa mbali na ndugu. Mabegani alibeba nini? Pembe za ndovu. Kicheko cha saluni ile kimelipiwa na ndovu zamani sana, wala hatujamrudishia. Kati ya 2009 na 2014 ndovu wa Tanzania walishuka kutoka kama 109,000 hadi kama 43,000, na matangazo mengi ya kuwatetea niliyoyaona miaka hiyo yalikuwa damu, bunduki na kidole cha kuonya. Hofu hiyo si ngeni kwetu: wazee husimulia kuwa jina la mtaa wetu, Mwananyamala, ni sauti ya mama wa Kizaramo akimtuliza mwanawe katika pori la wanyama wakali. Hofu ilimnyamazisha mtoto, lakini haikumfanya amtakie simba maisha marefu.

Wala si kwamba mizaha hatuna. Mwaka 2000, bwawa la umeme lilipowakaushia vyura wa Kihansi manyunyu ya maporomoko, karibu 500 walipandishwa ndege kwenda Marekani. Mtaani tukacheka: chura kapata viza, sisi tumenyimwa. Tukacheka, tukaondoka. Hatukudai, hatukutoa.

Jioni nilipita tena saluni. Picha ya Sudan ilikuwa imebandikwa kwenye kioo, na chini yake kopo la maziwa lenye maandishi: "Mahari. Mzee kafa, mabinti wapo." Ndani mlikuwa na shilingi 1,700 na kifungo cha shati. Kinyozi anaapa kuwa kifungo ndicho mchango wa Wazaramo.