Stenti ya Umio na Usalama wa Njia ya Hewa

Mgonjwa wa saratani ya umio kutoka Mgeta au Matombo, katika Milima ya Uluguru, huweza kufika hospitalini wakati hata uji haupiti. Stenti, yaani bomba la wavu wa metali linalotanuka ndani ya umio, humrejeshea uwezo wa kumeza, ingawa haiponyi saratani.

Hata hivyo, trakea imekaa mbele ya umio. Gegedu zake ni pete zisizofungika. Upande wa nyuma, unaopakana na umio, ni utando laini. Stenti inapousukuma uvimbe wa sehemu ya juu au ya kati, trakea huweza kubanwa. Mgonjwa huhema kwa shida na kutoa sauti ya mkwaruzo anapovuta pumzi. Hapo stenti huondolewa haraka, au njia ya hewa huwekewa stenti yake.

Hatari nyingine huja baada ya wiki au miezi: tundu kati ya umio na trakea. Mgonjwa hukohoa kila anapomeza, kisha hupata nimonia. Stenti iliyofunikwa huweza kuliziba tundu hilo.

Kinga huanza mapema, kwa CT-Scan ya kifua au bronkoskopia. Njia ya hewa iliyokwisha kubanwa hushughulikiwa kwanza. Muhimbili, zinakowekwa stenti, iko takribani kilomita 190 kutoka Morogoro mjini. Kwa hiyo familia inayorejea milimani haina budi kuzifahamu dalili hizi, na zikitokea, isisubiri tarehe ya kliniki: safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo.