TUJIKINGE NA MIONZI YA EKSIREI

Mtu wa Mfaranyaki akivunjika mguu, hupelekwa hospitali kupigwa picha ya eksirei. Picha hiyo humsaidia daktari kuona mfupa bila kupasua mwili.

Picha hii hupigwa kwa mionzi. Mionzi hiyo iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mwaka 1895. Haionekani, haina harufu, wala haiumi. Hupenya nyama kwa urahisi, lakini mfupa huizuia. Ndiyo maana mfupa huonekana mweupe katika picha.

Hapo mwanzo watu hawakujua madhara yake. Waliitumia bila kinga. Wengi waliungua mikono, na wengine walipata saratani. Clarence Dally, Mmarekani aliyefanya majaribio ya mionzi hiyo, alikufa mwaka 1904.

Siku hizi picha moja ya kifua hutumia mionzi kidogo sana. Ni kama ile tunayoipata kwa siku chache kutoka ardhini na angani. Kwa hiyo, usikatae picha ambayo daktari ameona inahitajika. Kifua kikuu kisichotibiwa ni hatari zaidi kuliko picha. Lakini picha isiyo na sababu isipigwe.

Tena, mashine ikizimwa mionzi hukoma papo hapo, kama mwanga wa taa. Haibaki mwilini wala chumbani.

Mgonjwa afanye nini?

1. Tuseme mama ana mimba ya miezi miwili. Haijaonekana kwa macho. Mama huyo aseme kabla ya kupigwa picha, hata kama hakuulizwa. Mtoto aliye tumboni hudhurika kwa urahisi zaidi. Daktari ataamua kama picha ingoje, au ipigwe kwa uangalifu.
2. Tulia kabisa. Ukitikisika picha huharibika, na huenda ikapigwa tena.
3. Tunza picha zako za zamani. Zipeleke kwa daktari, asikupige nyingine bure.
4. Wasindikizaji wangoje nje. Mtoto akihitaji kushikwa, ashikwe na ndugu asiye na mimba, aliyevaa aproni ya risasi. Risasi hii ni madini mazito yanayozuia mionzi.

Mfanyakazi naye je?

Mgonjwa hupigwa picha mara chache. Mfanyakazi yuko hapo kila siku, na haba na haba hujaza kibaba. Akumbuke mambo matatu: muda, umbali na kinga. Akae karibu na mionzi kwa muda mfupi. Asimame mbali, kama tunavyojitenga na moto mkali. Umbali ukiwa mara mbili, mionzi hupungua hadi robo. Asimame nyuma ya ukuta wa kinga, mlango ukiwa umefungwa. Kazi ya kushika wagonjwa isiwe yake kila siku. Tena avae kifuani kipimo kidogo kinachoonyesha kiasi cha mionzi aliyopata.

Nchini kwetu iko Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Tume hii hukagua mashine na kutoa leseni. Lakini mkaguzi hawezi kujua kuwa una mimba. Hilo ni lako kusema.

Maswali
1. Kwa nini mfupa huonekana mweupe katika picha?
2. Mama mwenye mimba aseme nini, na lini?
3. Taja mambo matatu yanayomkinga mfanyakazi.