Utafiti usiofika darasani ni nusu ya kazi

Mwaka jana mwenzangu mmoja alinijia ofisini akiwa na mswada mkononi. Ulikuwa mswada wa kitabu cha fonolojia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kazi aliyoishughulikia kwa miaka minne. Aliniuliza, "Mwalimu, niumalize huu, ama niuweke kando niandike makala za majarida?" Nilimjibu bila kusita kwamba auweke kando. Nilimweleza kuwa kamati za kupandisha watu vyeo huhesabu makala, na kitabu cha kufundishia huonekana kama kazi ya pembeni. Alinishukuru, akaenda zake. Tangu siku hiyo jibu langu limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Aliyenizindua ni msomi asiye wa taaluma yangu. Msomaji huenda akashangaa kumwona mwanaisimu akijitosa katika biolojia, lakini taaluma hizi mbili zinashiriki neno moja kubwa: mofolojia, yaani uchunguzi wa maumbo. Sisi huchunguza maumbo ya maneno, nao huchunguza maumbo ya viumbe. Msomi huyo alikuwa bingwa wa maumbo ya seli, na jina lake ni Don W. Fawcett.

Fawcett alizaliwa mwaka 1917 katika jimbo la Iowa, Marekani, akahitimu udaktari wa tiba katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1942. Ingawa alisomea uganga, maisha yake hayakuwa ya wodini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilikuwa chombo kipya, na Fawcett alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza walioitumia kuchungulia ndani ya seli za wanyama. Mwaka 1954 yeye na Keith Porter walichapisha uchunguzi wao kuhusu silia, yaani vinyweleo vidogo mno vinavyopepea juu ya baadhi ya seli, kama zile za njia zetu za hewa. Walivitazama katika viumbe wa namna mbalimbali, kuanzia jamii ya konokono na chura hadi panya na binadamu. Kote huko walikuta mpangilio uleule: jozi 9 za nyuzi zimeuzunguka ukingo, na nyuzi 2 zimesimama katikati.

Mwaka 1959 yeye na wenzake walionyesha jambo jingine la ajabu. Seli zinazokua kuwa mbegu za kiume hazitengani kabisa zinapogawanyika. Hubaki zimeunganishwa kwa madaraja membamba, zikakua pamoja kwa mwendo mmoja. Mwaka huohuo alirudi Harvard kuongoza idara ya anatomia, na Chama cha Biolojia ya Seli cha Marekani kilipoanzishwa mwaka 1960, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza.

Mtu wa hadhi hiyo, kwa mizani yetu ya leo, angeambiwa asipoteze wakati kwa kuandika vitabu vya wanafunzi. Fawcett alifanya kinyume. Kulikuwa na kitabu cha histolojia, yaani elimu ya tishu za mwili, kilichoanzishwa na Alexander Maximow na William Bloom na kuchapishwa mwaka 1930. Katika miaka ya 1960 Fawcett aliingia katika kazi hiyo pamoja na Bloom, na aliendelea nayo toleo baada ya toleo. Toleo la mwaka 1986 lilitoka mikononi mwake peke yake. Vizazi kadhaa vya madaktari vilijifunza humo jinsi ini, figo na mfupa vilivyojengwa.

Tena mwaka 1966 alitoa kitabu kikubwa cha picha za seli. Nyingine zilikuwa zake mwenyewe, na nyingine za watafiti wenzake. Kila sehemu ya seli ilipewa maelezo yake, na picha ziliwekwa hapohapo kando ya maelezo ili mwanafunzi asome na kuona kwa wakati mmoja. Picha ya hadubini ya elektroni, kwa asiyefundishwa kuitazama, ni madoa meusi na meupe tu. Fawcett alijua kwamba aliyeona kwanza ana deni la kuwaonyesha wengine.

Kuna atakayeuliza: je, kufundisha maumbo kuna faida gani kwa mgonjwa? Jibu lilikuja mwaka 1976. Mwanasayansi wa Sweden, Björn Afzelius, alieleza habari za watu waliosumbuliwa na maradhi ya kifua yasiyokwisha, na ambao wanaume wao hawakuweza kuzaa. Maradhi haya mawili yaonekana hayana udugu. Hata hivyo, mkia wa mbegu ya kiume umejengwa kwa mpangilio uleule wa silia za njia ya hewa. Katika watu wale, vijikono vidogo vinavyozisukuma zile jozi 9 za nyuzi vilikosekana. Silia hazikupepea, makohozi hayakusafishwa, na mbegu hazikuogelea. Daktari asiyefundishwa umbo la silia angetibu kifua leo na utasa kesho, wala asitambue kwamba anatibu kitu kimoja.

Sura ya mwisho ya maisha ya mtafiti huyu inatuhusu sisi moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 60, Fawcett aliiacha Harvard akaja Nairobi. Alijiunga na ILRAD, maabara ya kimataifa ya kuchunguza magonjwa ya mifugo iliyokuwa Kabete, ambayo baadaye iliunganishwa na taasisi nyingine kuunda ILRI mwaka 1994. Hapo alielekeza hadubini yake kwa adui wa mfugaji wa Afrika Mashariki: ugonjwa wa ng'ombe uitwao ndigana kali.

Ndigana kali huletwa na kijidudu Theileria parva, na huenezwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kung'ang'ania masikio ya ng'ombe. Fawcett na wenzake walifuatilia jinsi kijidudu hicho kinavyokomaa ndani ya tezi za mate za kupe, seli moja ikitoa maelfu kwa maelfu ya vijidudu vilivyo tayari kushambulia. Kisha, mwaka 1984, yeye na watafiti wenzake, akiwemo Musoke, walieleza kinachotokea kijidudu kinapoingia katika seli nyeupe ya damu ya ng'ombe. Utando wa seli hukifunika kwanza, lakini baada ya muda mfupi utando huo hutoweka, nacho hukaa huru ndani ya seli. Kuanzia hapo huilazimisha seli kugawanyika bila kikomo, nacho hugawanyika pamoja nayo.

Maarifa haya yalipatikana Kabete, kilomita chache tu kutoka katikati ya Nairobi. Hebu mwalimu wa biolojia ajiulize: ni wanafunzi wangapi wa Kidato cha Tatu wanaoyajua? Mwanafunzi wetu hukariri kwamba mitokondria ndiyo inayoipa seli nguvu, akaandika hivyo katika mtihani, akapata alama yake. Wakati huohuo baba yake nyumbani anamzika ndama aliyevimba tezi chini ya sikio. Hakuna aliyemwambia kijana huyo kwamba somo la seli na kifo cha ndama ni habari moja. Majarida yanayo habari hiyo. Darasa halinayo, na zizi halinayo. Fawcett aliandika katika lugha aliyozaliwa nayo, akisaidiwa na picha. Sisi tunalo daraja jingine la kujenga, la lugha, na wa kulijenga si mwingine bali mwalimu anayeyajua mambo yote mawili, sayansi na Kiswahili.

Sisemi kwamba majarida hayana maana. Bila makala ya 1954 kusingekuwa na cha kuandika katika kitabu cha 1966. Ninachosema ni kwamba kazi hizi ni mguu wa kulia na wa kushoto, na chuo kinachohesabu mguu mmoja tu kitawalea wasomi wanaochechemea. Kamati zetu na ziweke kitabu bora cha kufundishia katika mizani ileile ya makala, zikipime kwa ukali uleule. Walimu nao wasione haya kutumia miaka yao kwa kazi hiyo. Fawcett alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 92, na sijui kazi yake ipi iliwafaidi wagonjwa zaidi, ile ya maabarani ama ile ya kitabuni. Sidhani kwamba yeye mwenyewe angekubali kuzitenga.

Wiki iliyopita nilikwenda kubisha mlango wa yule mwenzangu. Nilimwambia kwamba nilimpotosha. Alicheka, akafungua kabati, akautoa mswada uliokwisha kuingia vumbi. Tumekubaliana kwamba nitazisoma sura tatu za kwanza kabla ya muhula kufunguliwa.