Miendo Yetu Tuichore Wenyewe

Yeyote anayepita jioni katika mitaa ya Tandika na Mbagala, wilayani Temeke, au Mwananyamala na Tandale, wilayani Kinondoni, hatakosa kuona banda la michezo ya video. Ndani mna runinga, mashine, benchi, na vijana wanaosubiri zamu. Wazee wengi hupita wakitikisa vichwa. Sisi leo tunawaomba viongozi wetu, pamoja na ndugu zetu wa Visiwani, wasimame kidogo mlangoni. Ndani ya michezo hiyo imo kazi moja ya mikono na akili ambayo taifa bado halijaitazama ipasavyo.

Kazi hiyo ni uhuishaji, yaani kukipa kikaragosi cha mchezo mwendo wake: namna ya kutembea, kukaa, kusalimia au kucheza ngoma. Mlango mmoja mwepesi wa kujifunzia kazi hiyo ni kuurekebisha mchezo wa zamani. Mfano unaojulikana sana ni Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa mwaka 2004 kwa mashine ya PlayStation 2, na mwaka 2005 kwa kompyuta. Kwa kuwa ni wa zamani, hauhitaji kompyuta ya bei kubwa; na kwa kuwa wapenzi wake duniani wameuchambua kwa miaka mingi, mafaili yake yanafahamika.

Miendo mingi ya watu wa mchezo huo imehifadhiwa katika faili liitwalo ped.ifp. Humo kila mwendo una jina lake, na chini ya jina imeandikwa jinsi kila mfupa wa kikaragosi unavyogeuka kwa wakati wake: nyonga, goti, bega na shingo. Fundi huutengeneza mwendo mpya kwa programu ya Blender, ambayo ni huria na ya bure, akisaidiwa na vifaa vidogo vilivyobuniwa na wapenzi wa mchezo. Huviweka viungo katika mikao michache iliyo mikuu, nayo kompyuta hujaza mikao ya katikati.

Usemi huo ni mwepesi, lakini kazi yenyewe si nyepesi. Mkao wa mwisho wa kutembea hauna budi kulingana na ule wa kwanza, la sivyo kikaragosi kitashtuka kila kimalizapo hatua mbili. Hatua za miguu hazina budi kulingana na safari ya mwili, la sivyo nyayo zitateleza kama za mtu aliyekanyaga sabuni. Na anayebadilisha mwendo wa zamani kwa mwendo mpya hana budi kulibakiza jina lile lile, ili mchezo uutambue. Ni kazi ya subira, kama ya seremala wa Keko anayeunga miguu ya kiti hadi kisiyumbe.

Sasa tuulizane: miendo iliyomo humo ni ya nani? Mchezo huo umewekwa mwaka 1992 katika miji ya kubuni iliyofuata sura ya California na Nevada, nchini Marekani. Umo mwendo wa mzee, wa mtu mnene na wa kijana wa genge. Haumo mwendo wa mama wa Mbagala aliyejitwika ndoo ya maji, shingo imenyooka na nyonga ndizo zinazopokea mtikiso wa njia. Hayumo mcheza sindimba. Upigaji wa rungu umo, lakini mcheza kirumbizi hapigi hivyo. Fimbo yake hufuata ngoma, na mguu hutangulia mkono. Wala hakuna kitu kifananacho na Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambapo watu hupigana kwa migomba, kisha wakaachana bila uadui. Pigo la namna hiyo haliwezi kuchorwa sawasawa na mtu asiyelijua. Ndiyo sababu jambo hili linawahusu wakazi wa Unguja, Pemba na Mafia kama linavyowahusu vijana wa Temeke.

Tusipoichora miendo hii wenyewe, wataichora wengine. Edward Said Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki mwaka 1972, na waliomfuata wakaiendeleza sanaa yake huko Oysterbay, Kinondoni. Mwaka 2010 televisheni ya watoto ya BBC ilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, katuni za wanyama zilizofuata mtindo huo. Jina na rangi asili yake ni Kinondoni. Mwendo ulitiwa Nairobi na mafundi wa Homeboyz, kwa kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza. Hatuwaonei kijicho jirani zetu, kwani wao walikuwa na mafundi tayari. Nasi hatukukaa bure: Ubongo Kids, kipindi cha katuni cha watoto kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2014, kimetengenezwa Dar es Salaam. Lakini mafundi hawaoti kama uyoga. Hufundishwa, na hupewa pa kukosea.

Tunajua kuwa yako malalamiko mawili, na yote mawili yana haki. La kwanza ni kwamba mchezo tulioutaja ni wa ujambazi. Ni kweli; hata huko ulikotoka ulipangiwa watu wazima, na hatusemi upelekwe shuleni. Tunachosifu ni ufundi, na ufundi huo hupatikana pia katika michezo mingine ya zamani isiyo na damu.

La pili ni kwamba mchezo ni mali ya mwenyewe. Mwaka 2021 kampuni ya Take-Two, yenye mali hiyo, iliwashitaki watu walioziandika upya programu za michezo yake ya zamani. Hata hivyo, mwezi Agosti 2023 Rockstar Games, iliyo chini ya kampuni hiyo hiyo, iliwachukua kuwa wake mafundi wa Cfx.re waliopata jina kwa kurekebisha michezo yake. Kabla ya hapo, Counter-Strike ya mwaka 1999 ilianza kama marekebisho ya mchezo wa Half-Life, na mwaka 2000 Valve ikawachukua waliouanzisha. Funzo ni wazi. Kijana na ajifunze kwa kiunzi cha mwenzake, lakini asiuze mchezo wa mwenzake. Na kila mwendo alioubuni auhifadhi pembeni katika faili lake mwenyewe, ili kesho auvishe kikaragosi chake na kukiuza kwa jina lake.

Hapo ndipo Serikali inapohitajika. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na inalinda pia sanaa za jadi, ngoma zikiwemo. Zanzibar nayo ina sheria yake ya mwaka 2003. Tunaziomba COSOTA na COSOZA zitoe maelezo mafupi kwa Kiswahili chepesi, kijana ajue mpaka uko wapi kabla hajauvuka.

Vilevile, Temeke ina chuo cha VETA Chang'ombe. Kinondoni ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ina Kijiji cha Makumbusho ambako ngoma huchezwa mbele ya wageni. Tunashauri wachezaji wa huko, wa Bagamoyo na wa Visiwani wapigwe picha za video kwa ridhaa yao, kutoka mbele na kutoka ubavuni, kisha picha hizo wapewe wanafunzi wazifanyie mazoezi ya uhuishaji. Gharama yake si kubwa: simu nzuri, kompyuta kuukuu chache na mwalimu mmoja mvumilivu. Majina ya wachezaji na ya vijiji vyao yaandikwe pamoja na kazi, na ikipatikana faida, nao wapate fungu lao.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mtoto wa Makunduchi au wa Mbagala anayekaa mbele ya runinga leo hajaona bado mtu anayetembea kama mama yake. Wenye uwezo wa kumwonyesha wako katika mitaa ile ile, kwenye benchi lile lile, wanasubiri zamu.