Asili ya Handeni ni ya mwaka gani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wanyamapori nao ni mali. Je, tutajuaje Handeni na Korogwe zilikuwa na wanyama gani zamani?

Daftari zipo. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walifuata bonde la mto Pangani, ambamo Korogwe imo, hadi Vuga, na Burton akaandika habari za viboko na mamba. Oscar Baumann alichapisha kitabu chake juu ya Usambara na nchi jirani mwaka 1891. Baadaye, enzi za Waingereza, mabwana shauri waliweka Kitabu cha Wilaya, Handeni ikiwa na chake. Mtafiti huokota humo jina la mnyama, mahali na mwaka, kisha hulinganisha na hali ya leo.

Lakini zipo hadhari mbili. Kwanza, mwandishi aliandika kilichomgusa: tembo kwa ajili ya pembe, nguruwe mwitu kwa sababu ya kuharibu mashamba. Popo na panya walisahauliwa. Kutoandikwa si kutokuwapo.

Pili, kila daftari lina wakati wake. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe na nyati. Nzige na njaa vikawaandama watu. Wengi walikufa au kuhama, mashamba yakageuka vichaka, mbung'o wakaenea. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alionyesha kuwa Wazigua ndio waliokuwa wakizuia vichaka hivyo kwa kulima na kufuga. Kwa hiyo pori aliloliona Mwingereza katika miaka ya 1920 halikuwa lote la tangu Adamu. Kwingine yalikuwa mahame.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Mwaka 2022 Msomera, wilayani Handeni, ilianza kupokea kaya kutoka Ngorongoro. Panapopangwa pa kulima, pa kuchungia na pa kuwaachia wanyama, historia ya mbung'o na vichaka ni ya kuzingatiwa. Daftari moja halitoshi. Lisomwe pamoja na lililolitangulia, na wazee wa Kizigua waulizwe majina ya mahame yao.

Na anayetamka "pori la asili" aulizwe kwa heshima: asili ya mwaka gani?