Lisilosemwa Ndilo Lililokuja

Wahenga walituachia msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Yeyote aliyefuatilia mpira wa kikapu wa Marekani katika kiangazi cha mwaka 2023 ana haki ya kuutilia shaka. Tarehe 1 Julai mwaka huo, Damian Lillard, aliyekuwa ameichezea Portland kwa misimu 11, aliomba ahamishwe, na ikajulikana kote kwamba alikotaka ni Miami. Kwa takriban miezi mitatu mashabiki hawakuwa na wimbo mwingine. Septemba 27, Lillard akapelekwa Milwaukee.

Msomaji aliyezoea kandanda ya Uingereza huenda asielewe kwa nini jambo hili lilihitaji makisio mengi kiasi hicho. Katika kandanda, klabu yenye uwezo huweka fedha mezani ikamchukua imtakaye. Katika ligi ya NBA, yenye timu 30, mchezaji mwenye mkataba hubadilishwa hasa kwa wachezaji wengine, na kwa haki ya kuchagua chipukizi katika miaka ijayo. Isitoshe, timu iliyokwisha kuvuka kikomo cha mishahara hulazimika kutoa mishahara inayokaribiana na ile inayoipokea. Hapo ndipo shabiki anapotwaa kalamu na karatasi.

Msimu huo Lillard alikuwa alipwe dola milioni 45.6. Shabiki wa Miami akapekua orodha ya timu yake na kumpata Tyler Herro, wa milioni 27, na Kyle Lowry, wa milioni 29.7. Mizani ikakubali. Lakini Portland ilikuwa na vijana tele wanaocheza nafasi ya Herro, nayo haikumhitaji. Basi shabiki akatafuta timu ya tatu ya kumpokea Herro, iipatie Portland haki za kuchagua chipukizi badala yake. Mishahara ya timu hiyo ya tatu ilipokataa kulingana, akaitafuta ya nne. Wala asichekwe, kwani mnamo Julai 2025 Kevin Durant alihamia Houston katika mapatano yaliyohusisha timu saba.

Binafsi siidharau kazi hii. Kijana ambaye kitabu cha hisabati humletea usingizi baada ya dakika kumi atakesha akilinganisha mishahara ya watu tisa asiowajua. Hujifunza sheria pia. Atakueleza kwamba timu hairuhusiwi kutoa haki zake za raundi ya kwanza za miaka miwili ijayo inayofuatana, na kwamba kanuni hiyo ilipewa jina la Ted Stepien, aliyekuwa mmiliki wa Cleveland, ambaye alizigawa haki hizo ovyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Atakueleza vilevile kwamba mkataba wa ligi na wachezaji wa mwaka 2023 ulizikataza timu zenye gharama kubwa mno kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja. Walimu tungefurahi kama Katiba nayo ingesomwa kwa bidii hiyo!

Hata hivyo, hesabu iliyo sahihi si lazima iwe habari ya kweli. Uvumi wa Miami ulikuwa na wenyewe. Ulivuma kwa sababu upande wa mchezaji ulitaka timu nyingine zivunjike moyo, hata ligi ikaandika waraka mwezi huo wa Julai, ikimwonya Lillard na wakala wake kwamba wangeadhibiwa iwapo wangetoa tena kauli za kuashiria kwamba hangecheza kwingineko. Portland, ambayo ilifaidika kwa kukaa kimya, ilikaa kimya. Mashabiki wakaupima ukweli kwa wingi wa kelele.

Kisha ukaja usiku wa kuamkia Februari 2, 2025, ambao huku kwetu ulikuwa Jumapili asubuhi. Luka Doncic, kijana wa miaka 25 aliyeifikisha Dallas fainali mwaka uliotangulia, alipelekwa Los Angeles Lakers, naye Anthony Davis akaenda Dallas. Timu ya tatu ilikuwa Utah. Wengi walioisoma habari hiyo walidhani ni mzaha. Hakuna aliyekuwa ameikisia, maana mameneja wakuu wawili, Nico Harrison wa Dallas na Rob Pelinka wa Lakers, waliifanya siri yao. Mashabiki wa Dallas waliandamana nje ya uwanja wakiwa na jeneza, na mnamo Novemba 2025 Harrison akafutwa kazi.

Katika vurumai hiyo, ni wachache waliomtaja Jalen Hood-Schifino. Huyu alikuwa na miaka 21. Lakers walikuwa wamemchagua katika raundi ya kwanza mwaka 2023, na sasa alipelekwa Utah, ambayo ilimwachilia pasipo kumchezesha hata mchezo mmoja. Karibu kila makisio ya timu tatu au nne huwa na mtu wa namna hii, anayeandikwa mwishoni kama punje za kujazia kibaba. Mwalimu aliyewahi kukabidhiwa barua ya uhamisho katikati ya muhula, mtoto wake akiwa amekwisha kupata nafasi shuleni, anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Ni kweli kwamba mishahara haifanani hata kidogo. Lakini wachezaji wenye haki ya kukataa kuhamishwa iliyoandikwa katika mikataba yao ni wa kuhesabika kwa vidole, na waliobaki hupokea habari kama tunavyoipokea sisi.

Mapatano ya Lillard nayo yalikuwa na mtu wake. Jrue Holiday aliondolewa Milwaukee ili kumpisha Lillard, akapewa Portland, na baada ya siku nne, kabla hajaichezea, Portland ikampeleka Boston. Mnamo Juni 2024, Boston ikatwaa ubingwa naye akiwamo. Milwaukee, pamoja na nyota wake mpya, iling'olewa katika raundi ya kwanza mwaka huo na mwaka uliofuata. Aprili 2025 Lillard alikatika kano ya kisigino, na Milwaukee ikauvunja mkataba wake. Julai alirejea Portland. Mwezi huohuo, Boston ikamtuma Holiday huko huko. Katika makisio yote niliyoyaona tangu mwaka 2023, ya timu mbili hadi nne, hakuna hata moja lililowaweka wawili hao katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo.