Kutoka Waya ya Shaba hadi Waya Isiyoonekana

Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilifuata shaba hadi Katanga. Msiri, mwana wa Unyamwezi, alijenga utawala wake huko, na mafundi wake Wayeke waliivuta shaba ikawa waya nyembamba za bangili. Ufundi wa kujivunia!

Leo maabara hutengeneza waya za dhahabu iliyochanganywa na fedha, nyembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara elfu. Hazivutwi. Umeme hujaza metali ndani ya vitundu vya utando wa alumina, kisha utando huyeyushwa. Darubini ya elektroni huonyesha umbo. Eksirei hupima mchanganyiko.

Mgodi wa Golden Pride, Nzega mkoani Tabora, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 1998. Vijana wa Tabora wafundishwe pia sayansi ya waya hizo za dhahabu.